Lincoln alikufa bila kumjua babu yake aliyetoka Uingereza. Nasaba yake iliungwa kwa wasia na hati za viwanja

Karani wa Kale (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kila likija humu suala la Wamarekani na koo zao, swali ni lile lile: inakuwaje mtu wa Ohio anakutajia babu yake wa kumi aliyeshuka melini miaka ya 1630, wakati wengi wetu tukifika kwa babu wa nne tunaanza kukohoa? Na jibu nalo ni lile lile: "Wazungu wanaandika." Sikatai. Lakini jibu hilo linaruka utamu wote. Makaratasi yapo, ila yametapakaa kwenye makanisa, mahakama na masijala za ardhi za majimbo manne matano, majina kila karani kayaandika anavyojua, na mahali pengine uzi umekatika kabisa. Kuunga palipokatika ndiyo kazi yenyewe. Msimamo wangu, mimi ninayeshinda na mafaili, ni kwamba ukoo wa baba hauungwi kwa kufanana majina. Unaungwa kwa kufuata mali: nani kamwachia nani nini, na nani kauza kitu alichoachiwa na nani.

Nina mfano mmoja, tuutafune pamoja. Abraham Lincoln, rais wa 16 wa Marekani. Nimemchagua huyu kwa sababu mwenyewe alijaribu kuupanda ukoo wa baba yake, na alikuwa mwanasheria mzuri tu, lakini aligonga mwamba.

Alichokijua mwenyewe

Machi 1848 Lincoln alikuwa mbunge mjini Washington. Kule Hingham, Massachusetts, kulikuwa na mzee mmoja mpenda historia anaitwa Solomon Lincoln. Akaandika kumuulizia huyu mbunge mwenye jina kama lake, na barua ikamfikia kupitia mbunge mwenzake. Tarehe 6 Machi Lincoln akajibu: nimezaliwa Kentucky tarehe 12 Februari 1809, baba yangu ni Thomas, babu yangu ni Abraham kama mimi. Babu alitoka kaunti ya Rockingham, Virginia, akaenda Kentucky mnamo 1782, na miaka miwili baadaye akauawa na Wahindi Wekundu. Kuna tetesi tu kwamba baba wa babu alitoka Pennsylvania na alikuwa Quaker (mfuasi wa dhehebu la Kikristo la Friends). Zaidi ya hapo sijasikia kitu. Halafu akaongeza kwamba pengine si vibaya kumjulisha kuwa Abraham na Mordecai ni majina yanayojirudia kwenye familia yao.

Mwezi huo huo akamwandikia pia ndugu aliyebaki Rockingham, David Lincoln. Hakupata cha kumvusha.

Desemba 1859, alipoombwa maelezo mafupi ya maisha yake maana jina lilishaanza kutajwa kwa urais, akaandika kwamba juhudi za kuwaunganisha na akina Lincoln wa New England (majimbo ya kaskazini-mashariki, Massachusetts ikiwemo) ziliishia kwenye kufanana majina tu: Enoch, Levi, Mordecai, Solomon, Abraham. Aprili 1865 akapigwa risasi, suala likiwa hapo hapo.

Sasa tazameni kitu kidogo. Anasema babu aliuawa miaka miwili baada ya 1782, yaani 1784. Babu aliuawa Mei 1786. Mjukuu, mwanasheria, mbunge, kakosea mwaka wa kifo cha babu yake mzaa baba, tena kifo cha kuuawa shambani, tukio ambalo familia ilikuwa inalisimulia kila mara. Hii isiwashangaze. Simulizi hushika tukio vizuri, mwaka huuponyoka.

Kwa nini walipoteza kumbukumbu

Hapa ndipo mali inapoanza kuongea. Huyo babu, Kapteni Abraham, alikuwa na ardhi ya kutosha Kentucky. Alipouawa, Thomas (baba wa rais) alikuwa mtoto mdogo. Wakati huo Kentucky bado ni sehemu ya Virginia, na sheria ya zamani ya kumpa kifungua mimba ardhi yote ilikuwa haijaisha nguvu. Virginia walishapitisha kuifuta mwaka 1785, lakini mabadiliko yakaanza kutumika 1787. Mzee kafa katikati. Kwa hiyo kaka mkubwa, Mordecai, akachukua ardhi, na Thomas akabaki kijana wa vibarua asiye na shule. Mtoto asiyerithi ardhi harithi hati, na asiye na hati hana sababu ya kukumbuka mpaka wa shamba la babu wala jina la aliyemuuzia. Mwaka mmoja wa sheria ungekuja mapema, huenda Lincoln angekua na sanduku la makaratasi ya ukoo nyumbani.

Kupanda ngazi moja moja

Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa ya 20 ndipo watafiti wa nasaba walipolivalia njuga. Hawakuanza Uingereza, wangepotea. Walianza na kilicho mkononi wakapanda.

Kapteni Abraham: Kentucky kuna hati ya mwaka 1780 ya ekari 400, jina limeandikwa "Abraham Linkhorn". Ukiwa mtu wa kutafuta herufi kwa herufi, huyo umemkosa. Karani aliandika alichosikia masikioni.

Baba yake, John: aliingia bonde la Shenandoah, Virginia, mwaka 1768, na hati za pale zinaonyesha anawagawia wanawe ardhi. Ametokea Pennsylvania. Kwa hiyo zile tetesi za "baba wa babu alitoka Pennsylvania" zilikuwa sahihi.

Baba wa John ni Mordecai, aliyefia mahali ambapo leo ni kaunti ya Berks, Pennsylvania, mwaka 1736. Nyumba yake ya mawe aliyoijenga 1733 bado imesimama. Huyu alikuwa mtu wa chuma: alikuwa na hisa kwenye kiwanda cha kufulia chuma. Kwenye wasia wake kuna kitu cha ajabu kwa mtu wa Pennsylvania: anamwachia John ekari 300 zilizoko New Jersey. Na mwaka 1748 tunamkuta John, anatajwa kuwa mfumaji, anaziuza ekari hizo 300 huku akijieleza kwamba ni mtoto wa marehemu Mordecai.

Hapo tulieni kidogo wakuu. Hati moja ya mauziano imefanya kazi tatu: imemtaja baba, imemtaja mtoto, na imewafunga wote wawili na New Jersey. Bila hiyo, John wa Virginia na Mordecai wa Pennsylvania ni watu wawili wenye jina moja la ukoo, basi.

New Jersey kuna nini? Kuna huyo huyo Mordecai akiwa kijana, amemuoa Hannah Salter mwaka 1714, na yuko na kaka yake Abraham. Wametokea wapi? Hapa ndipo Lincoln mwenyewe alipokwama, lile pengo baina ya Pennsylvania na Massachusetts. Jibu lilikuwa limekaa kwenye wasia wa mwaka 1727 kule Massachusetts, wa mzee Mordecai Lincoln, mhunzi wa Hingham aliyehamia upande wa Scituate. Mzee anagawa mali. Waliobaki nyumbani wanapata ardhi na vinu. Halafu kuna wawili wanaachiwa fedha: Mordecai na Abraham. Mwenye uzoefu wa mirathi akiona hivyo anajua: hawa wameshaondoka, shamba la mbali halitawasaidia, wapewe taslimu. Unganisha na chuma (baba mhunzi mwenye karakana ya chuma Massachusetts, mtoto mwenye hisa za chuma Pennsylvania), unganisha na jozi ya ndugu Mordecai na Abraham wanaoonekana pamoja New Jersey, unganisha na miaka. Daraja limekamilika.

Na lile jina "Abraham" lililomtatiza Lincoln? Liliingia kwa upande wa mke. Mzee Mordecai alimuoa Sarah Jones, binti wa Abraham Jones wa mji wa Hull. Ukoo wa baba mnauimba, jina linatoka ujombani.

Kijana wa melini

Baba wa mzee Mordecai ni Samuel Lincoln, na huyu ndiye aliyevuka bahari. Wengi wa wale waliohamia New England kati ya 1620 na 1640, watu kama 20,000 hivi, hawana karatasi ya meli iliyobaki. Serikali ya Marekani ilianza kudai orodha za abiria mwaka 1820. Samuel ana bahati. Aprili 1637, bandari ya Yarmouth, maofisa wa mfalme Charles wa Kwanza walikuwa wanawahoji wanaoondoka. Kwenye meli John and Dorothy kaandikishwa Francis Lawes, mfumaji kutoka Norwich, miaka 57, mkewe, mtoto mmoja, na watumishi wawili. Mmoja ni "Samuell Lincorne", miaka 18.

Kumi na nane? Daftari la ubatizo la kanisa la Mtakatifu Andrea, Hingham ya kaunti ya Norfolk, Uingereza, linasema Samuel alibatizwa tarehe 24 Agosti 1622. Kwa hesabu hiyo Aprili 1637 ana miaka 14, hajafika 15. Ama aliongeza umri ama aliongezewa. Waliowahi kuandikisha vijana kwenye ajira wanaelewa.

Ameshuka Salem, kisha akaenda Hingham ile mpya ambako kaka zake walishatangulia. Mji ule ulipewa jina la kijiji walichotoka, na uliundwa na watu waliomfuata mchungaji wao Peter Hobart mwaka 1635. Ugomvi ulikuwa wa dini: askofu wa Norwich, Matthew Wren, alikuwa anawabana Wapuritani (Waprotestanti wa msimamo mkali), na mwaka 1638 hata paroko wa Hingham ya Norfolk, Robert Peck, akafungasha virago akawafuata waumini wake ng'ambo.

Kwa Samuel kulikuwa na sababu nyingine pia, na tunarudi kwenye mali. Babu yake, Richard Lincoln wa Swanton Morley, alikuwa mtu mwenye uwezo wake. Alioa mara nne, na kwenye wasia sehemu kubwa akaiacha kwa watoto wa mke wa nne. Edward, mtoto mkubwa wa mke wa kwanza, baba yake Samuel, akaambulia kidogo mno. Watoto wa Edward wakawekwa kwenye ufundi wa kufuma, na wengine wakapanda meli. Mnaona mtindo? Uingereza mtoto mkubwa kanyimwa, kizazi kikahama. Kentucky mtoto mdogo kakosa, kizazi kikapoteza kumbukumbu.

Kwa hiyo nasaba ni: Richard, Edward, Samuel, Mordecai, Mordecai, John, Abraham, Thomas, Abraham. Naomba kuwasilisha. Maswali ruksa.

---

Ngosha wa Mjini

Siti ya mbele nimekaa. Kumbe hata rais alikuwa anaunga unga ukoo 😂

---

MamaKulwa

Asante kaka kwa somo. Mimi nipo huku Maryland, nimeolewa na Mmarekani, na wanangu wana jina la ukoo wa baba mkwe. Mzee huyo kila Krismasi lazima atusimulie kwamba ukoo wao walikuja ndugu watatu kutoka Uingereza, mmoja akabaki kaskazini, mmoja akaenda kusini, mmoja akaelekea magharibi hakuonekana tena. Na ana ngao ya ukoo ameitundika sebuleni. Nikitaka kuwaandikia wanangu kitu cha kweli naanzia wapi?

---

Karani wa Kale

Dada MamaKulwa, hilo la ndugu watatu watafiti wa huko wanalijua na huwa linawachekesha. Karibu kila ukoo wa Kiingereza Marekani una ndugu watatu wake. Inatokea hivi: mtu anakuta jina lake New England, Virginia na Carolina, anataka wote wawe nduguze, basi anawapa baba mmoja na meli moja. Wakati mwingine ni kweli (hata Samuel Lincoln alikuwa na kaka zake kule), lakini mpaka uone daftari la ubatizo lenye baba mmoja, lihesabu ni hadithi.

Tena hata mji mmoja unaweza kukuchanganya. Hingham ya Massachusetts, kizazi kile cha kwanza, walikuwepo akina Thomas Lincoln wanne kwa wakati mmoja. Wanne! Makarani wakawatofautisha kwa kazi: Thomas mfumaji, Thomas mwenye kinu, Thomas fundi mapipa, Thomas mkulima. Mfumaji ndiye kaka wa Samuel. Ukimchukua fundi mapipa kimakosa, kila ulichoandika juu yake ni cha watu wengine.

Ngao sebuleni: sheria ya Uingereza ngao hupewa mtu na wazao wake, si kila mwenye jina hilo. Ile ya kununua dukani ni pambo zuri la ukuta, mwache mzee nayo.

Pa kuanzia ni wanao wenyewe. Vyeti vyao, cheti cha mume wako, cha baba mkwe, panda. Ukirudi hadi 1850 sensa itakusaidia sana, maana tangu mwaka huo inaandika jina la kila mtu huru ndani ya nyumba. Kabla ya hapo, tangu 1790, inaandika jina la mkuu wa kaya tu, waliobaki ni vijistari vya idadi. Hapo ndipo wengi wanaanguka, na hapo ndipo uhamie kwenye mirathi na ardhi.

---

Fundi Vinasaba

Mkuu umeandika vizuri ila umeisahau sayansi. Siku hizi mambo ya makaratasi ni ya nini? Kromosomu Y inatoka kwa baba kwenda kwa mwana bila kuchanganyika, unapima mate, unalinganisha na wenye jina lako, kwisha habari.

---

Karani wa Kale

Fundi, kipimo cha Y ni kitu kikubwa, sikidharau. Lakini kinasema mstari gani, hakisemi mtu gani. Chukua kesi ya Thomas Jefferson, rais wa tatu wa Marekani. Mwaka 1998 watafiti walitaka kujua kama alizaa na Sally Hemings, mwanamke aliyekuwa mtumwa wake. Jefferson hakuwa na mtoto wa kiume wa ndoa aliyekua, kwa hiyo wakachukua wazao wa Field Jefferson, baba yake mdogo au mkubwa, wakalinganisha na mzao wa Eston Hemings. Ikalingana. Wazao wa Thomas Woodson, ambao nao walikuwa na simulizi hiyo hiyo, hawakulingana.

Sasa, Y peke yake ingeweza kuwa ya Jefferson yeyote wa kiume. Kilichomsogeza Thomas mwenyewe karibu ni makaratasi: kumbukumbu zake za safari na mashamba zinamweka Monticello, nyumbani kwake Virginia, katika kipindi cha kutunga mimba kwa kila mtoto wa Sally. Vinasaba na masijala vimeshikana mikono.

Na kwa Lincoln, njia ya Y kupitia wazao wake imefungwa. Mjukuu wake wa kiume aliyebeba jina, Abraham wa pili, alifariki 1890 akiwa kijana. Mzao wa mwisho kabisa, ambaye alikuwa wa upande wa binti, alifariki 1985. Bila hati hapo umekwama.

---

Fundi Vinasaba

Hapo kwa Jefferson nimekupa. Niongeze moja: Y yake ni ya kundi la kinasaba liitwalo T, adimu sana Uingereza, ila Pembe ya Afrika kwa Wasomali lipo kwa wingi tu. Kuna wakati watu walidhani lazima babu yake wa karibu alitoka Mashariki ya Kati. Mwaka 2007 wakawapima wanaume Waingereza wenye jina Jefferson, wakapatikana wenye Y hiyo hiyo. Kwa hiyo ilikuwa Uingereza siku nyingi.

---

Omwana wa Vihiga

Hapo kwa Quaker umenigusa ndugu Karani. Sisi Kanisa la Friends tunalijua tangu wamisheni wa Kimarekani wafungue Kaimosi mwaka 1902, na leo Kenya ndiyo nchi yenye Quaker wengi zaidi duniani. Hawa watu huwa wanaandika dakika, yaani kumbukumbu rasmi, za kila mkutano, hata za harusi. Kama Lincoln alisema wazee wake walikuwa Quaker, si ingekuwa rahisi kuwapata kwa hizo dakika?

---

Karani wa Kale

Swali la nguvu hilo. Dakika za Quaker ni hazina: ndoa, uhamisho kutoka mkutano mmoja (ndivyo wanavyouita usharika) kwenda mwingine, hata mtu kufukuzwa. Na walizitafuta kweli. Majirani wa Mordecai kule Berks walikuwa akina Boone, ukoo wa Daniel Boone yule mvumbuzi wa njia za Kentucky, na hao walikuwa Quaker wa mkutano wa Exeter. Mordecai alikuwa na mtoto aliyezaliwa baada ya yeye kufa, akaitwa Abraham. Huyo akaja kumuoa Anne Boone. Kwenye dakika za mkutano yumo Anne, anakiri kosa la kuolewa na mtu asiye mwanachama.

Umeiona? Dakika zile zile zinamtaja Lincoln kama mtu wa nje. Simulizi ya familia ilikuwa imewabadilisha majirani na wakwe kuwa wao wenyewe. Lincoln alirithi hadithi yenye chembe ya kweli: Pennsylvania sahihi, Quaker walikuwepo jirani, lakini ukoo wa baba haukuwa wao.

---

Mwana wa Bagamoyo

Mimi nawaangalia tu. Mnasifia wasia na hati, mnasahau kwamba wasia hizo hizo ndizo zilizoorodhesha watu weusi baina ya ng'ombe na majembe. Hao akina Lincoln wa Virginia hawakuwa na watumwa?

---

Karani wa Kale

Walikuwa nao. Tawi lililobaki Rockingham lilimiliki watumwa, binamu kabisa wa mtu aliyesaini tangazo la kuwaachia huru mwaka 1863. Sijaficha, ni vile uzi ulikuwa unapanda kupitia waliohama.

Na hoja yako ina upande wa utafiti. Mmarekani Mweusi akipanda ukoo wake hugonga ukuta mwaka 1870, sensa ya kwanza kuwaandika majina wale waliotoka utumwani. Sensa za 1850 na 1860 ziliwaandika chini ya jina la bwana: umri, jinsia, rangi. Jina hakuna. Anayevuka ukuta huo karibu kila mara anavuka kwa mirathi ya mwenye shamba, kwa sababu pale majina yamo, yameambatana na bei. Karatasi ya aibu ndiyo hiyo hiyo inayomrudishia mtu bibi yake. Wanaume wengi miongoni mwao wakipima Y wanakuta mstari wa Kiingereza kwa upande wa baba, na hakuna kitabu cha ubatizo kinachousema. Kesi ya Hemings ni ya watu mashuhuri tu, nyingine ziko maelfu zisizo na jina.

---

Ngosha wa Mjini

Hapo mzaha umeniisha. Endeleeni.

---

Msomaji Kimya

Nauliza jambo dogo. Nimeingia kwenye tovuti moja ya bure ya nasaba, mtu mmoja nimemkuta ana miaka miwili ya kuzaliwa, imeandikwa 1639/40. Ni makosa ya uchapaji?

---

Karani wa Kale

Si makosa, ni kalenda. Waingereza na makoloni yao hadi 1752 mwaka wao wa kisheria ulianza tarehe 25 Machi. Kwa hiyo Februari 1639 kwao ni Februari 1640 kwetu, na watafiti huandika yote mawili. Edward Lincoln, baba wa Samuel, alizikwa Februari ya namna hiyo, ndiyo maana huku utaona 1639, kule 1640. George Washington alizaliwa 11 Februari 1731 kwa kalenda ya wakati ule, na leo inahesabiwa 22 Februari 1732. Walipobadilisha waliruka pia siku 11. Usipolijua hili utawakuta watoto "waliozaliwa" kabla ya ndoa ya wazazi na uanze kuwasingizia watu.

Halafu kuhusu tovuti: FamilySearch ni bure na ina picha za madaftari halisi, hizo tumia. Miti ya ukoo iliyopandishwa na watu, isome kama fununu. Mmoja akiweka baba asiye baba, mia wanamnakili, na wewe unadhani mia wamethibitisha. Ulaghai wenyewe haukuanza na intaneti. Kulikuwa na mtu anaitwa Gustave Anjou, alikufa 1942, aliwauzia matajiri wa Marekani nasaba za kughushi kwa fedha nyingi, na alikuwa anachanganya wasia halali na watu wa kubuni ndani yake, ndiyo maana alidumu. Kazi zake hadi leo zinanukuliwa na wasiojua.

---

MamaKulwa

Kaka Karani, nimempigia baba mkwe. Anasema babu yake alitoka Virginia, na karatasi zote ziliungua mahakamani vita vya wenyewe kwa wenyewe. Ndiyo mwisho wa safari?

---

Karani wa Kale

Bado dada. Muulize kaunti, usikubali "Virginia" tupu. Kumbukumbu za ardhi na mirathi kule ziko kaunti kwa kaunti, si jimbo zima, na mahakama zilizoungua ni baadhi tu. Mara nyingi mtu anaambiwa "ziliungua" na hakuna aliyewahi kwenda kuangalia.

Jambo la pili, kaunti zilikuwa zinagawanywa. Rockingham ya akina Lincoln ilimegwa kutoka Augusta mwaka 1778. John Lincoln aliingia pale 1768, kwa hiyo karatasi zake za miaka kumi ya kwanza ziko Augusta, mjini Staunton, ingawa shamba halikusogea hata hatua moja. Huenda mahakama ya kaunti ya wakwe zako iliungua, na ya kaunti iliyomegwa kutoka kwake haikuungua. Na ikiwa ukoo ulianzia Massachusetts, kule vizazi na ndoa viliandikwa na mji, mirathi na ardhi kaunti.

Mwisho, hati za ardhi iliyogawiwa na serikali ya koloni hazikukaa kwenye mahakama za kaunti, zilikaa ofisi ya ardhi ya jimbo, na sasa ziko maktaba ya jimbo Richmond. Ukipata jina la kaunti na jina la mke wa huyo babu, yalete hapa. La mke usilisahau, maana hati za kuuza ardhi mara nyingi mke alisaini pia kuachia haki yake, na kwa jina lake ndipo utakapowatenganisha akina John watatu wa kaunti moja.

---

MamaKulwa

Mke anaitwa Patience, hilo analikumbuka. Kaunti amesema atamuuliza dada yake mkubwa, yuko West Virginia, ndiye mwenye Biblia ya familia.

---

Karani wa Kale

Biblia hiyo mwombe apige picha ukurasa wa majina pamoja na ukurasa wa mbele wenye mwaka wa kuchapwa. Biblia ya 1870 yenye vizazi vya 1790 vyote kwa wino mmoja na mwandiko mmoja ni nakala ya kumbukumbu, haikuandikwa siku mtoto anazaliwa. Bado ina faida, ila tutaipima hivyo.